Sumaku, Kidonge na Mto wa Maridi: Historia ya Kifafa cha Watoto Katika Nchi Zetu



Ndugu wasomaji, kwa muda sasa limekuwa likizunguka swali moja miongoni mwa familia zetu hapa Bilpam na mitaa mingine ya Juba, nalo ni hili: je, ni kweli kwamba kifafa cha watoto sasa kinatibiwa kwa sumaku? Wazazi wanaonyeshana kwenye simu picha ya mtoto amekaa kitini, juu ya kichwa chake kimeshikiliwa kifaa chenye umbo la namba nane, na chini yake maelezo kwamba mtoto huyo ataacha kuanguka na akili yake darasani itafunguka. Wapo waliokwisha kuanza kuulizia nauli ya kwenda nje, na wapo wanaofikiria kuuza ng'ombe au kiwanja. Kwa kuwa jambo lenyewe linagusa mali na uhai wa watoto wetu, tumeona tulieleze kwa kupitia historia yake, kwani historia ya kifafa katika nchi zetu ni ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani, na sehemu yake kubwa imepita hapa hapa kwetu, katika barabara inayotoka Juba kuelekea magharibi.

Ama kuhusu sumaku yenyewe, si uzushi. Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba sumaku inayobadilika nguvu yake huzaa umeme ndani ya waya ulio karibu nayo. Ubongo wa mwanadamu nao hupashana habari kwa umeme mdogo mdogo, kwa hiyo haikuchukua muda watu wakaanza kujiuliza kama sumaku yaweza kuugusa. Mwaka 1910 mwanafizikia Silvanus Thompson alitia kichwa chake mwenyewe ndani ya koili kubwa ya waya na akaona mimeto ya mwanga machoni. (Siku hizo wataalamu walijijaribia wenyewe, jambo ambalo wauzaji wa leo hawalifanyi.) Kisha mwaka 1985, katika mji wa Sheffield, Anthony Barker na wenzake walitengeneza mashine iliyoweza kutoa pigo kali la sumaku kwa muda mfupi mno. Walipoiweka koili juu ya sehemu ya ubongo inayoongoza mkono, mkono wa mtu uliruka wenyewe, bila kupasua fuvu na bila kuchoma sindano. Huo ndio mwanzo wa mashine zinazoonekana leo kwenye simu zetu.

Marekani iliruhusu mashine hiyo mwaka 2008 kwa watu wazima wenye ugonjwa wa sonona ambao dawa hazikuwasaidia, na mwaka 2024 ikaruhusiwa kwa vijana kuanzia miaka 15 wenye ugonjwa huo huo, pamoja na matibabu mengine. Madaktari wa upasuaji nao huitumia kutafuta mahali pa kutembeza mkono au kusema kabla hawajaufungua ubongo. Ama kifafa, wazo lilikuwa kwamba mapigo ya polepole, kama moja kwa sekunde, hutuliza eneo la ubongo lililochangamka kupita kiasi, ilhali mapigo ya haraka huchangamsha. Mwaka 1999 madaktari wa Ujerumani walieleza habari za wagonjwa 9 ambao kuanguka kwao kulipungua baada ya kupigwa mapigo ya polepole. Mwaka 2006 watafiti wa Brazili nao walipata nafuu walipolinganisha mashine ya kweli na ya kuigiza. Lakini wengine waliofanya kama hivyo hawakuona tofauti yoyote. Wachambuzi wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote na kuyapima, waliliangalia jambo hili mwaka 2016 na tena 2021, na walichokiona ni kwamba majaribio ni machache, wagonjwa wachache, na ushahidi ni hafifu. Waliojaribiwa wengi ni watu wazima. Watoto ni wa kuhesabika.

Tena mashine hiyo yenyewe yaweza kuamsha mshtuko wa kifafa. Hutokea mara chache, lakini ndiyo maana kabla ya kumweka mtu kwenye kiti huulizwa kwanza kama ana kifafa. Na pale inapoleta nafuu, mgonjwa huhitaji kurudi kila siku kwa siku au wiki kadhaa, na nafuu hiyo huweza kupungua baadaye. Kwa hiyo anayemwambia mzazi wa Juba kwamba hii ni tiba iliyothibitishwa ya kifafa cha mtoto, na zaidi ya hapo kwamba itamwongezea mtoto akili, anamwambia jambo ambalo waliotengeneza mashine hawajalithibitisha. Utafiti unaendelea, na hapana ubaya wowote katika utafiti. Ubaya ni kuuza kiwanja kwa ajili ya kitu ambacho bado kinatafitiwa.

Sasa turudi nyuma kidogo. Kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo si elimu mpya. Wagiriki wa zama za Hippocrates waliandika hivyo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na tabibu wa Kiislamu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikiweka katika kitabu chake cha Qanun miongoni mwa maradhi ya kichwa na akatafuta sababu yake ndani ya ubongo. Sote pia tunaifahamu habari ya yule mwanamke aliyekuwa akianguka, ambaye Ibn Abbas alimwonyesha Ata bin Abi Rabah, na imo ndani ya Bukhari na Muslim. Alimwendea Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), akachagua kusubiri, na lililomuumiza zaidi ni kufunuka mwili anapoanguka, akaombewa asifunuke. Mwenye binti anayeanguka sokoni au njiani analielewa ombi hilo bila ya kufafanuliwa. Na tukumbuke kwamba mwanamke yule hakufukuzwa wala kutengwa, na watu walimjua.

Huko kwetu mambo hayakwenda hivyo kila mahali. Mwaka 1960 daktari kijana kutoka Norway, Louise Aall, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa Mahenge, katika milima ya Ulanga kusini mwa Tanganyika, kwa Wapogoro. Aliwakuta wagonjwa wengi mno kwa eneo dogo kama lile. Wengi walikuwa na makovu ya moto, kwa sababu walianguka jikoni na watu wakaogopa kuwashika, wakiamini kwamba mate ya mwenye kifafa huambukiza. Wengine walijengewa vibanda mbali na nyumba na kupewa chakula katika vyombo vyao peke yao. Katika watoto aliona kitu kingine ambacho hakikuwa ndani ya vitabu vyake: mtoto aliyekuwa mzima huanza kuangusha kichwa mbele mara kwa mara, kama anayesinzia. Wenyeji walikuwa na neno lao, walisema amesinzia kichwa, na walijua kwamba mara nyingi baada ya hapo kifafa kikubwa kinafuata.

Dawa aliyokuwa nayo ilikuwa moja kubwa, fenobabitoni, ambayo imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912 na ni rahisi kuliko zote. Ndugu msomaji, hapa tunakuomba usome polepole, kwani nambari hizi zilitolewa mwaka 1992, na Jilek-Aall mwenyewe na daktari H. T. Rwiza, baada ya kuwafuatilia wagonjwa 164 kwa miaka 30. Katika miaka kama 10 ya mwanzo, dawa ilipokuwa ikipatikana, zaidi ya nusu yao waliacha kabisa kuanguka, na zaidi ya theluthi nyingine walipata nafuu. Kisha ugavi wa dawa ukawa wa kusuasua na hatimaye ukakatika. Walipohesabiwa tena baada ya miaka 30, wagonjwa 110 kati ya wale 164 walikuwa wamekufa, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokana na kifafa chenyewe: mshtuko usiokoma, kuzama majini, kuungua moto. Dawa ilikuwa inajulikana, na daktari wa kuiandika alikwisha kupatikana. Kilichokosekana ni kidonge kufika Mahenge mwezi hadi mwezi.

Wakati wagonjwa wale wanahesabiwa, upande wetu kulikuwa na vita. Katika miaka ya 1990 watu wa Lui na Mundri, na baadaye Maridi, walianza kueleza habari za watoto wanaotikisa kichwa hasa wanapoletewa chakula au wakati wa baridi. Mtoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano, aliyekuwa akicheza na kwenda shule, huanza kutikisa kichwa, kisha hudumaa, huanguka, husahau aliyoyasoma, na wengine hushindwa hata kujilisha. Shirika la Afya Duniani lilituma wachunguzi mwaka 2001 na 2002, vita vikiwa bado havijaisha. Wengine walisema ni sumu ya silaha, wengine wakasema ni chakula cha msaada, wengine laana ya waliouawa bila kuzikwa. Hatuwalaumu, kwani mtu aliyeona vita vya miaka ishirini na zaidi hutafuta sababu pale palipomuumiza.

Kaskazini mwa Uganda, Kitgum na Pader, ambako watu walikuwa wametoka kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, ugonjwa huo huo uliripotiwa mwaka 2009. Wachunguzi walipowawekea watoto waya za kupimia umeme wa ubongo na kuwaletea chakula, ilionekana wazi kwamba kule kutikisa kichwa ni mshtuko wa kifafa: shingo hulegea ghafla kwa sekunde moja au mbili, kisha hurudi. Basi kilichoitwa ugonjwa wa ajabu kikajulikana kuwa ni aina ya kifafa. Swali likabaki, kwa nini Mahenge, kwa nini Mundri, kwa nini Kitgum, na si kwingine?

Jibu liliendelea kuelekea mtoni. Sehemu zote hizo zina mito ya kasi, na penye maji ya kasi huzaliana usubi, yule nzi mdogo mweusi ambaye anapouma hupitisha minyoo inayosababisha upofu. Mwaka 2018 timu iliyoongozwa na Robert Colebunders wa Ubelgiji pamoja na wataalamu wa Sudan Kusini ilipita nyumba kwa nyumba Maridi, watu zaidi ya 17,000. Walikuta kifafa kwa asilimia 4.4 ya watu wote, kiwango ambacho katika nchi nyingi kingekuwa chini ya asilimia moja. Na katika mtaa wa Kazana 2, ulio karibu na bwawa, kilikuwa asilimia 11.9. Maana yake ni kwamba karibu mtu mmoja katika kila wanane alikuwa na kifafa. Kadiri ulivyosogea mbali na bwawa ndivyo wagonjwa walivyopungua.

Bwawa hilo lilijengwa katika miaka ya 1950 ili mji upate maji, na hapana shaka waliolijenga walikusudia kheri. Lakini pale maji yanapomwagikia upande wa pili, yakipita kwa kasi juu ya mawe na majani yanayoning'inia, ndipo mahali ambapo mabuu ya usubi hupapenda. Hujishika kwenye majani na kula kinachopitishwa na maji. Watafiti waliopima mto walikuta kwamba mazalio ya usubi wa Maridi ni pale pale penye mporomoko wa bwawa.

Namna minyoo inavyoufikia ubongo bado ina mjadala. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kinga ya mwili inayotengenezwa dhidi ya mnyoo huo yaweza kukosea na kushambulia protini iliyomo ndani ya seli za ubongo wa mtoto mwenyewe, na wengine hawajaridhika na maelezo hayo. Lakini kutojua njia yote hakukuwazuia watu kuanza kazi. Kenya ilikwisha kulionyesha hilo zamani, pale bonde la Kodera liliposafishwa usubi mwaka 1946, kwa DDT. Uganda, kuanzia mwaka 2012, ilitia dawa ya kuua mabuu katika mito ya Aswa na Pager na ikagawa ivamektini, ile inayojulikana kwa jina la Mectizan, mara mbili kwa mwaka. Wagonjwa wapya wa kutikisa kichwa karibu wakatoweka.

Maridi walifanya jambo rahisi zaidi, na kwa maoni yetu ndilo linalopendeza kuliko yote katika habari hii. Kuanzia mwaka 2019 vijana wa hapo hapo, kwa mapanga, walianza kukata na kuondoa majani na matawi pale maji yanapomwagikia, mara kwa mara. Mabuu yakakosa pa kujishika. Usubi wanaouma watu walipungua sana. Pamoja na hilo, ugawaji wa ivamektini, ambao vita na upungufu wa fedha vilikuwa vimeuvuruga, ukafufuliwa na kuongezwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023: kifafa kipya kilishuka kutoka takriban watu 349 kwa kila 100,000 kwa mwaka, mwaka 2018, hadi takriban 42 mwaka 2022. Na ule wa kutikisa kichwa ulishuka kutoka takriban 155 hadi takriban 10. Hakuna sumaku wala kidonge kinachotibu kifafa kilichowahi kushusha namna hiyo idadi ya watoto wanaoanza kuugua.

Lakini je, wale ambao wamekwisha kuugua, na hasa akili zao? Hili ndilo wazazi wanaloliuliza kwa uchungu zaidi, kwani mtoto aliyekuwa akisoma vizuri akisahau hata herufi, nyumba nzima huingia giza. Uganda ndiko kwenye jibu bora tulilo nalo. Mwaka 2014 madaktari wakiongozwa na Richard Idro wa Makerere walitoa taarifa ya wagonjwa 484 wa kutikisa kichwa waliopewa dawa ya valproeti pamoja na lishe na uangalizi wa kawaida. Mishtuko ilipungua kwa zaidi ya asilimia 70, robo yao walikaa angalau mwezi bila mshtuko, na kama asilimia 40 walikuwa wameandikishwa shuleni, wakiwemo waliokuwa wameacha. Si wote waliorudi, na tusimdanganye mzazi kwamba kila kilichopotea kitarudi. Ila kila mshtuko unaozuiwa ni siku ambayo ubongo wa mtoto umepumzika na kujifunza.

Dawa zenyewe zina mambo yake. Fenobabitoni humfanya mtoto mwingine asinzie darasani, na mwingine humfanya awe mtundu kupita kiasi. Mwalimu akiona hivyo amwambie mzazi, na mzazi amwambie daktari, kwani mara nyingi kipimo hurekebishwa au dawa hubadilishwa. Valproeti ni nzuri kwa wengi lakini humdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo binti anayekaribia umri wa kuolewa lazima daktari ajue mapema. Na kwa dawa yoyote ile, kuiacha ghafla ni hatari kubwa, kwani mshtuko unaokuja baada ya hapo huweza usikome. Tunalisema hili kwa sababu kila Ramadhani huwapo familia zinazomwachisha mtoto au kijana dawa ili afunge. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na fenobabitoni mara nyingi humezwa mara moja tu kwa siku, usiku, kwa hiyo mara nyingi hata mgongano wenyewe haupo. Aulizwe daktari kwanza.

Tukirudi Bilpam, sote tunafahamu kwamba mtaa huu, wenye makao makuu ya jeshi na jina lililoletwa kutoka kambi ya zamani huko Ethiopia, umejaa watu waliotoka kila pembe ya nchi, wakiwemo wa Mundri na Maridi, pamoja na sisi tuliokulia Kenya na Uganda na tukarudi na Kiswahili chetu. Maana yake ni kwamba mtoto anayeanguka Juba huenda aliumwa na usubi kando ya mto miaka mingi kabla hajahamia mjini. Daktari anapouliza mtoto alikulia wapi, hilo ndilo analolitafuta, na asifichwe. Na mtoto akianguka mbele yetu, alazwe kwa ubavu, aondolewe vitu vigumu karibu naye, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, afunikwe kanga, na mtu aangalie saa. Ikizidi dakika tano, ni hospitali mara moja. Mate yake hayaambukizi chochote.

Wale waliokuwa wakikata majani Maridi mwaka 2019 wamewaokoa waliokuwa bado hawajaugua. Waliougua kabla ya hapo sasa ni vijana wa miaka kumi na minane na ishirini, wengine wamehamia Juba kwa jamaa zao, na kila mmoja wao anahitaji kidonge chake cha usiku, leo na mwezi ujao na mwaka ujao, kwa bei ambayo kwa mwaka mzima haifiki hata sehemu ndogo ya nauli moja ya kwenda kutafuta sumaku.